Wa Nne Mkekani

Faini ilifika Jumatatu asubuhi, na kosa lilikuwa kwenye hesabu.

Katibu wa baraza la kijiji, mzee Paepae, mtu aliyeamini kuwa jambo lisiloandikwa halijatokea, alisimama nje ya nguzo za nyumba, ambayo kama nyumba zote za huko haikuwa na kuta, akakohoa kikohozi cha kiserikali, akasoma. Kaya ya Pesamino ilikutwa ikicheza karata saa ya sala, baada ya kengele ya pili. Watu wanne. Makasha manne ya samaki wa kopo, yafike kabla ya Ijumaa.

"Watatu," alisema Akenese bila kuinua macho. Alikuwa anaanika mbegu za kakao. "Mimi, kaka yangu, na Leitu bintiye. Tumebaki watatu humu, Paepae, na wewe unajua vizuri maana umekula kwenye mazishi yetu yote."

"Vijana wa doria wameandika wanne."

"Basi vijana wa doria hawajui kuhesabu. Shuleni walikuwa wanahesabu kuku wa mchungaji, tena kwa nia mbaya."

"Wanne," alisema Paepae, kwa upole wa mtu mwenye karatasi mkononi. "Mwanamume mmoja, wanawake watatu. Mmoja kachomeka ua sikioni. Hata rangi wameandika."

Mkono wa Akenese ulisimama juu ya kakao. Alikuwa akiianika juu ya kaburi la wifi yake Fuatino, hapo mbele ya nyumba, kwa sababu lilikuwa na saruji laini na jua la kutosha. Na Fuatino mwenyewe, enzi za uhai wake, alianika zake juu ya kaburi la mama mkwe lililo pembeni. Hakuna aliyeona ubaya.

"Rangi gani?"

"Manjano. Langilangi."

Kule kisiwani Savaii, upande wa machweo, ambako wazee husema roho zote za Samoa hupitia zikienda zake, hakuna nyumba iliyojua suipi kama nyumba ile. Mkeka ulikuwa haukunjwi. Suipi ni mchezo wa karata wa wawili kwa wawili, ambao kumi ya uru ndiyo karata yenye thamani kuliko zote, mwenzako akikaa kukukabili: Pesamino na mtoto yeyote aliyekuwa na bahati siku hiyo upande mmoja, Akenese na Fuatino upande wa pili, na nyuma yao msururu wa shemeji na wapwa wakingoja zamu, wakinywa koko ya moto na kutoa ushauri usioombwa. Hawakuchezea pesa. Walioshindwa walikwenda kuteka maji, na walisindikizwa kwa matusi ya heshima hadi kisimani. Halafu ikaja ndege. Mmoja Auckland, wawili Brisbane, mmoja Sydney, kijiji kikawa kinatoa watu na kupokea simu. Fuatino hakupanda ndege. Yeye alikwenda karibu zaidi, hatua chache tu kutoka mkekani. Na sasa Leitu, kitinda mimba, alikuwa amepata nafasi ya kwenda Australia kuchuma matunda. Kilichobaki ni muhuri wa daktari.

Tangu msiba, Pesamino alikuwa akimgawia marehemu. Karata zake ziliwekwa kifudifudi mahali pake, kando ya Leitu, zikakusanywa mwisho wa mchezo kama zilivyo. Akenese aliona ni upuuzi, lakini upuuzi mtamu, akaunyamazia.

Ila nyumba ile ilikuwa na sharti moja kutoka kwa baba yao. Kengele ya kwanza ya sala ikilia (kengele yenyewe ni mtungi wa gesi uliokatwa, unaogongwa kwa nyundo) kila mtu aweke karata chini ya goti, asiziguse hadi amina. Kwa nini, baba hakusema. Ni saa ambayo hakuna aliye hai anayeruhusiwa kutembea kijijini; vijana wa doria husimama barabarani na fimbo, hata gari la serikali linangoja. Jioni moja, majuma mawili kabla ya faini, Pesamino alikuwa anaongoza, jambo la nadra. Mtungi ukalia.

"Tumalizie hii tu," alisema. "Mungu hana haraka."

Wakamalizia, na jioni zilizofuata nazo hivyo hivyo. Na kuanzia jioni ile karata za Fuatino zilianza kuchezwa.

Akenese, ambaye macho yake yalikuwa na ukungu wa uzee na giza la magharibi halikumsaidia, aliona karata zikitoka upande wa wifi yake akadhani ni mkono wa Leitu, anamchezea mama yake ili kumfurahisha baba. Sasa, Paepae alipoondoka, alimwita binti jikoni.

"Leitu. Karata za mama yako unazicheza wewe, sivyo?"

Leitu aliacha kumenya magimbi ya talo. "Mimi? Shangazi, si baba?"

"Baba yako hushika karata zake kwa mikono miwili."

Walitazamana. Kijiko kilichokuwa kwenye koko kilizama chenyewe polepole.

"Shangazi," Leitu alinong'ona, "mimi nilikuwa nahisi baridi upande huu tu. Nikasema labda naanza homa, nisimwambie mtu, wataninyima muhuri."

Jioni ile Akenese alikataa kucheza. Aliwasha taa mapema, akakaa nyuma ya nguzo ya karibu, akatazama. Pesamino aligawa kama kawaida, mara nne, akimpangia marehemu zake kwa vidole vya kubembeleza. Mtungi ukalia. Barabarani vijana walitulia, mbwa wakanyamaza, na nyumba ya jirani wakaanza wimbo wa sala. Ndipo harufu ya langilangi ikaingia, na mlangilangi wao ulikuwa umekatwa mwaka jana. Ikaingia tamu, nzito, kama mtu aliyejipaka mafuta kupita kiasi ili kuficha kitu, na chini yake, kila Akenese alipovuta pumzi, kulikuwa na harufu nyingine, ya maji ya pango ambayo hayajaona jua, na mapazia ya makuti yakatikisika ingawa upepo haukuwepo, na mkeka ukabonyea pale mahali pa wifi yake, polepole, kama unavyobonyea mtu mzima mwenye magoti mabovu anapoketi, kisha karata ya kwanza ikainuka pembe moja, ikasita, ikajigeuza, ikalala katikati, na Leitu, ambaye macho yake yalikuwa wazi lakini hayakuwa yakitazama popote, akafungua kinywa, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Fuatino, ile ya mikwaruzo, ya mwanamke aliyepiga kelele kwa watoto watano.

"Haya mzee, kumi ya uru hiyo. Chukua usije ukalia."

Pesamino alicheka. Alicheka kama kijana. Akachukua.

Asubuhi Leitu hakumtambua shangazi yake. Walimpeleka mjini kwa daktari wa ofisi ya ajira, ambaye alimpima urefu, uzito na meno, akamuuliza jina lake, akajibiwa kwa jina la mwanamke aliyekufa miaka mitatu nyuma, akaandika "ana wasiwasi wa kawaida wa msafiri", akagonga muhuri: mzima. Wakaenda kwa mchungaji. Mchungaji alieleza kwamba majini yalikwisha rasmi tangu wamisionari walipofika, akawaombea kwa haraka, na akawashauri wamwone bibi Salilo, mganga wa majani, ila wasiseme kuwa amewaambia yeye.

Bibi Salilo alikuja na majani kwenye mkoba wa plastiki na chupa ya mafuta ya nazi. Hakuwa na makeke. Alimlaza Leitu juu ya mkeka, akampaka mafuta kuanzia utosini, akamkamulia majani machoni, akamwinamia.

"Nani wewe?"

"Mama wa nyumba hii," ilisema sauti ya Fuatino.

"Unataka nini?"

"Kucheza. Na huyu hapandi ndege. Mchezo unataka wanne."

Pesamino, aliyekaa kwenye nguzo, aliinamisha kichwa. Akenese akauona uso wake. Haukuwa uso wa mtu aliyeogopa.

"Simwezi akiwa na mwenyeji," alisema Salilo, akifuta mikono. "Kuna mtu anampa kiti. Aliyemkaribisha amkatae kwa mdomo wake, amtaje kama alivyo. Vinginevyo keshokutwa mtamzika binti."

Akenese alisogea karibu na Leitu. Alikuwa na swali, na alikuwa nalo tangu jana.

"Wifi," alisema kwa sauti ya chini. "Wewe ni mwenzangu mkekani, si ndiyo? Miaka thelathini."

"Mwenzako."

"Majuma haya mawili nani anashinda?"

"Yeye," ilisema sauti, kwa majivuno. "Kila siku. Namwachia. Anafurahi."

Fuatino alimpenda mumewe kila mahali isipokuwa mkekani. Hakuwahi kumwachia hata mbili ya shupaza. Siku walipomzika mama mkwe, jioni, walipocheza ili wasilie, alimzolea karata zote za mkekani mara tatu mfululizo, akamtuma maji huku machozi yanamtoka mwanamume wa watu.

Akamgeukia kaka yake.

"Ulijua."

Pesamino alianza kunyoosha ukingo wa mkeka.

"Pesamino. Mtu amekaa miaka thelathini akikufilisi, leo anakupa kumi ya uru, na hukujiuliza?"

"Nilijua tangu jioni ya kwanza, dada," alisema. "Ile karata ya kwanza tu. Nikasema, potelea mbali. Watoto wote wamekwenda. Ninyi mnaona mkeka umejaa maiti na simu. Mimi niliona umejaa."

"Na Leitu?"

"Angebaki," alisema, na sauti yake ikawa ndogo kama ya mtoto. "Nilidhani angebaki tu."

Katika nchi ile kaka anaweza kubishana na mchungaji, na baraza, na hata daktari mwenye muhuri. Habishani na laana ya dada. Laana ya dada hairudi ilikotoka. Inamfuata mtu hadi kwa wajukuu, ikioza mazao na macho. Akenese alisimama, akajifunga shuka yake vizuri kama anayejiandaa kwa kazi.

"Mkatae," alinong'ona. "Mkatae sasa, la sivyo nitafungua kinywa changu. Na unajua nikikifungua sitakifunga."

Nje, mtungi ulilia kwa sala. Pesamino alitambaa hadi kwa binti yake. Alimtazama yule aliyekuwa akimtazama kwa macho ya Leitu, mpaka wimbo wa jirani ukaisha ubeti.

"Wewe si Fuatino," alisema. "Fuatino alinishinda."

Kitu kikalia. Hakikulia kwa hasira. Kililia kama mke. "Nani atakaa na wewe?" kiliuliza. "Mzee wangu, nani atakaa na wewe?" Jibu wote walilijua. Pazia la upande wa machweo likainuka na kushuka, harufu ikatoka nyuma yake, na Leitu akakohoa, akaomba maji.

Salilo alizichoma karata palepale, mbele ya kaburi. Alhamisi Leitu akapanda ndege. Uwanjani alimkumbatia shangazi yake. Baba yake alimpa mkono. Akenese hakuweza tena kulala ndani ya nyumba ile. Alihamia kwa binti yake wa kambo, mwisho wa kijiji, akawa anampelekea kaka yake chakula mchana, akikiacha kwenye nguzo.

Dukani kwa Mchina karata mpya hazikosekani.

Miezi miwili baadaye, Jumatatu, Akenese alikuwa kwenye nyumba ya baraza amepeleka mikeka ya kamati ya wanawake. Mzee Paepae alikuwa anasoma faini za juma. Nguruwe aliyeingia shamba la watu. Kijana aliyempita chifu akiwa juu ya baiskeli. Kisha: "Pesamino. Karata saa ya sala. Watu wawili."

Paepae alinyanyua miwani. Safari ile ya kwanza ilikuwa imemfundisha tahadhari.

"Hapa naona doria wamekosea," alisema. "Baraza linajua Pesamino anaishi peke yake. Tuko tayari kusahihisha. Kasha moja litatosha."

Pesamino aliingia na kuketi chini, kama ipasavyo. Alikuwa amekwisha kuja na makasha mawili begani. Alikuwa amenyoa, amejipaka mafuta, na amenenepa. Aliyaweka makasha chini moja baada ya jingine, akayanyoosha yalingane, na hakugeuka kule alikokaa dada yake.

"Hawajakosea," alisema. "Andika wawili."