Kadi Kumi na Tisa

Kila siku ya shule, ilipofika saa tisa na nusu alasiri, msichana mmoja wa darasa la sita alisukuma mlango wa bati wa karakana huku bado anaongea. Alikuwa ameanza kuongea tangu kengele ya mwisho, akaongea njia nzima, na hata rafiki yake alipokata kona kwenda kwao, yeye aliendelea peke yake. Hakuna aliyekuwa na haja ya jina lake la daftarini. Mtaa mzima ulimwita Chiriku.

Karakana ilikuwa ya mama yake. Watu walimwita Fundi, nyumbani na mitaani. Kazi yake ilikuwa kutengeneza nyaya ndefu za umeme, zile zenye plagi upande mmoja na soketi upande wa pili, ambazo wengi huziita ekstensheni. Mjomba wa Chiriku, mdogo wake Fundi, ndiye aliyekata nyaya na kumenya ncha zake. Fundi aliziunganisha na kukaza skrubu. Chiriku alibaki na kazi ya mwisho: kupima.

Mjomba alikuwa amemfundisha vizuri. Ekstensheni ikiwa mezani, haijachomekwa popote, Chiriku alishika mita ndogo ya njano yenye ncha mbili za chuma. Ncha moja aliigusisha kwenye plagi, nyingine kwenye soketi, akaufuata waya wa kijani na njano, yaani waya wa ethi. Mita ikilia na kuonyesha namba ndogo, waya uko mzima toka mwanzo hadi mwisho. Ikionyesha tarakimu moja peke yake upande wa kushoto, waya umekatika.

"Na kwa nini tunahangaika na huo wa ethi, wakati taa inawaka hata bila huo?" Mjomba alizoea kumtega.

"Kwa sababu chombo cha chuma kikiharibika ndani, umeme unapita kwenye waya huo badala ya kupita kwa mtu!"

"Basi fundi mwenzangu huyo," Mjomba alisema. "Kasoro mdomo tu, hauna swichi."

Kila ekstensheni ilikuwa na namba yake na kadi yake. Chiriku aliandika kipimo kwa omu, yaani kiasi ambacho waya unakinza umeme, akatia sahihi. Kisichokuwa na kadi hakikutoka mlangoni, hata mteja akilia.

Wiki hiyo walikuwa na kazi ya zahanati: ekstensheni sitini, zichukuliwe Alhamisi asubuhi. Jumatano alasiri Fundi alikwenda kuonana na mteja mwingine, Mjomba akaenda kutafuta maboksi. Chiriku alibaki na meza na mita. Alipomaliza ya arobaini na moja, mita ilianza vituko. Ilionyesha sifuri nukta tatu, mara nne nukta nane, mara kioo kikafifia na kuzima kabisa. Betri ilikuwa imekwisha. Alivuta droo, akapekua kopo la skrubu. Hakuna betri nyingine. Duka la karibu lilikuwa ng'ambo ya soko.

Hapo hapo mlango ukagongwa. Alikuwa rafiki yake, mchezaji wa netiboli ambaye timu nzima ilimwita Mnazi kwa urefu wake.

"Chiriku, unangoja nini? Mwalimu anapanga timu leo. Asiyefika, hachezi Jumamosi ya wiki ijayo."

"Nimebakiza kumi na tisa."

"Kumi na tisa kati ya ngapi?"

"Sitini."

"Na hizo nyingine zimetoka mbovu ngapi?"

"Hakuna hata moja."

Mnazi aliinua mabega. "Sasa hizo za mwisho ziharibiwe na nani?"

Chiriku alitazama kadi tupu. Kweli, mama yake hakosei. Alichukua kalamu. Sifuri nukta tatu. Sifuri nukta tatu. Sifuri nukta mbili, ili zisifanane mno. Kwa dakika tatu kadi kumi na tisa zilijaa, kila moja na sahihi yake. Akafunga mlango, akakimbia uwanjani, na akapangwa timu.

Asubuhi alitaka kusema. Alikuwa amelifikiria neno lenyewe akiwa kitandani. Lakini alipofika karakana kabla ya shule, maboksi yalikuwa yamekwisha pakiwa, na gari la zahanati likiunguruma nje. "Baadaye," alijiambia.

Baadaye ilikuja na mambo yake. Siku ya pili yake Fundi alirudi nyumbani akiwa na furaha isiyofichika. Mkaguzi wa ubora wa zahanati, mwanamke aliyejulikana kwa kutosifia kitu, alikuwa amempigia simu.

"Anasema hajawahi kuona kadi safi kama zako, mwanangu. Wanataka ekstensheni nyingine themanini! Kwa sababu ya kadi zako!"

Akamfungulia mfuko. Ndani mlikuwa na koti la kazi la bluu, la kimo chake, lenye mifuko miwili na mahali pa kalamu. Chiriku alilivaa. Lilimkaa vizuri, lakini alihisi kama linambana mbavu.

"Mbona hata asante hakuna?" Mjomba alitania. "Leo chiriku amemeza ulimi?"

"Asante, mama," alisema kwa sauti ndogo.

Tangu hapo kila mlango aliotaka kutokea aliukuta umefungwa. Akisema, mama angeaibika na kazi ya themanini ingepotea. Asiposema, nyaya zile kumi na tisa zilikuwa huko zahanati, katika vyumba vya watu wagonjwa. Darasani mwalimu alipouliza swali, Chiriku aliona kadi. Uwanjani alidondosha mpira ambao hata mtoto angeudaka. Nyumbani sahani yake ilirudi jikoni na chakula. Mama akamgusa paji la uso, akasema, "Huna homa. Ni kazi nyingi. Pumzika, mkaguzi wangu." Neno hilo "mkaguzi wangu" lilimchoma kuliko kofi.

Alimwendea Mnazi, labda yeye angemfungua.

"Mimi nilikuambia uache kupima?" Mnazi aliruka. "Nilikuuliza swali tu! Halafu, siku ngapi zimepita? Hakuna aliyejua, hakuna atakayejua."

Chiriku aliondoka akiwa mzito kuliko alivyokuja.

Jumatano iliyofuata, alipofika karakana, alikuta mgeni. Mkaguzi alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa uzi. Kadi zote sitini zilikuwa mezani.

"Nimekuja kutia saini mkataba wa kazi mpya," alikuwa akimwambia Fundi, "lakini kuna jambo dogo linanisumbua. Ekstensheni hamsini za kwanza ni za mita tano. Kumi za mwisho ni za mita ishirini, sivyo?"

"Ndivyo."

"Waya ukirefuka, ukinzani unaongezeka. Sasa hizi ndefu zimewezaje kupimwa sifuri nukta tatu, sawasawa na fupi?"

Fundi alitoa ekstensheni ya mita ishirini kwenye rafu, akaipima mwenyewe kwa mita iliyokwisha kutiwa betri mpya. Mita ililia: sifuri nukta saba. Akapima tena. Sifuri nukta saba.

Chiriku alisimama karibu na mlango, mkoba bado mgongoni.

"Kama kipimo cha kadi ni sahihi," Fundi alisema polepole, "basi waya wenyewe ulikuwa mfupi." Akamgeukia mdogo wake. "Wewe ndiye uliyekata. Ulikata mita ngapi?"

"Ishirini, dada. Niliziviringa mwenyewe."

"Mwezi uliopita rola moja ya waya iliisha kabla ya wakati wake, nikanyamaza."

"Dada! Unasema nini mbele ya mgeni?"

"Nasema kadi zinavyosema. Mtoto amepima, ameandika. Mtoto huyu hajui kudanganya."

Mjomba alimtazama dada yake kwa muda mrefu. Utani wote ulikuwa umemtoka usoni. Alifungua kamba za aproni yake, akaikunja taratibu, akaiweka mezani juu ya koleo na bisibisi zake.

"Miaka saba nimekata waya hapa," alisema. "Kama leo mimi ni mwizi, basi nisikuchafulie karakana."

Akaanza kutoka. Ili atoke, ilimbidi apite karibu na Chiriku pale mlangoni. Alimwekea mkono kichwani, kama alivyozoea.

Mkono ule ndio uliomaliza kila kitu.

"Mjomba, usiende!" Chiriku alipaza sauti, na machozi yakatangulia maneno. "Si yeye, mama! Ni mimi! Betri iliisha, nikaandika tu. Kuanzia ya arobaini na mbili mpaka sitini sikupima hata moja. Niliandika namba za kubuni, nikaenda netiboli."

Mkaguzi alivaa miwani yake.

"Kumi na tisa?" aliuliza.

"Kumi na tisa."

"Basi hatuna muda wa kulia. Twende. Fundi, chukua mita. Na wewe, mtoto, njoo."

Gari la mkaguzi liliwafikisha zahanati kwa dakika chache. Mjomba alikaa upande mmoja wa Chiriku na mama upande wa pili. Walipofika walizunguka chumba kwa chumba na orodha mkononi. Kila ekstensheni waliichomoa kwanza ukutani, kisha Fundi akampa binti yake zile ncha mbili. "Pima."

Akapima. Ya arobaini na mbili nzuri. Arobaini na tatu nzuri. Nyingi zilikuwa nzuri, na kila mita ilipolia Chiriku aliweza kuvuta pumzi kidogo. Ya hamsini na sita waliikuta katika chumba cha kina mama wenye watoto wachanga. Ilikuwa imeunganishwa na birika kubwa la chuma la kuchemshia maji, na muuguzi alikuwa amesimama kando yake na bakuli.

"Tunaitumia tangu ifike," muuguzi alisema. "Ina tatizo?"

Fundi aliichomoa. Chiriku alizigusisha ncha. Mita haikulia. Kwenye kioo ilisimama tarakimu moja, peke yake, upande wa kushoto.

Alirudia. Ilikuwa ileile.

Mjomba alitoa bisibisi aliyoichukua mezani wakati wa kutoka, akafungua soketi. Wote waliinama kutazama. Skrubu ilikuwa imebana ganda la plastiki la waya wa ethi badala ya shaba yake. Waya ulionekana umefungwa, kumbe haukushika kitu.

"Birika hili likiharibika ndani..." Mkaguzi hakumaliza. Muuguzi aliweka bakuli chini, akavitazama vitanda vilivyojaa akina mama.

Fundi alikuwa akiitazama ile skrubu. "Hii nimeikaza mimi," alisema. "Ni mkono wangu huu." Akamgeukia mdogo wake. "Na kwa mdomo wangu huu nimekuita mwizi. Nisamehe."

"Nimekusikia, dada," Mjomba alijibu. Alikohoa kidogo. "Aproni yangu lakini uifue. Nimeiweka juu ya koleo lenye grisi."

Fundi alicheka huku akifuta macho. Nyingine zote zilikuwa salama. Ile moja waliifunga upya, wakaipima mara mbili, kisha wakaziandikia zote kumi na tisa kadi mpya. Kadi kumi na tisa za zamani mkaguzi alizichana mbele yao.

Kuhusu ile kazi ya themanini, mkaguzi hakuficha. "Sitaagiza zote sasa. Nitaagiza ishirini. Kila kadi iwe na sahihi mbili. Zikinipendeza, tutaongea tena." Fundi hakubisha. Nyumbani alimvua Chiriku koti la bluu, akalitundika ndani ya kabati. Kwa wiki mbili kazi ya binti ilikuwa kufagia vipande vya waya na kununua betri za akiba, na Jumamosi ile ya mchezo hakwenda netiboli. Chiriku hakulalamika. Alikula vizuri, na siku ya tatu alianza tena kuongea.

Wiki mbili zilipokwisha, Mjomba mwenyewe ndiye aliyemwita mezani. Alimsogezea mita na ekstensheni ya kwanza ya kazi mpya.

"Mjomba," Chiriku aliuliza, "bado unaniamini?"

"Nakuamini kwa lile neno ulilosema pale mlangoni, wakati kunyamaza kulikuwa rahisi," Mjomba alisema. "Sasa sikiliza, mwanangu. Mama yako ni fundi hodari, na bado skrubu moja ilimponyoka. Binadamu yeyote itamponyoka. Tunapima kwa sababu hiyo, wala si kwa kudharauliana. Ukiandika namba ambayo hukuiona, umemnyima mtu nafasi ya mwisho ya kuokolewa na kosa la mwenzako. Na ukikwama, iwe ni betri, iwe ni uongo uliokwisha kuusema, sema siku ileile. Kila siku unayongoja, kufuli linaongezeka."

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Akachukua ncha mbili za mita, akaziweka mahali pake, akangoja mpaka namba ilipotulia.