Vidonge Ndani ya Kopo la Vifungo

Kacha! Kifuniko cha kopo la vifungo kilifungwa kabla hakujakucha, nyumba ikanyamaza tena. Bibi Pindo, fundi cherehani aliyestaafishwa na macho yake, alirudi kitandani akaukumbatia mto wa marehemu mumewe.

Jamani wenzangu, kopo lile halikuwa na vifungo vitupu. Enzi za mzee, kila alfajiri alimshika mkewe mkono, akamwombea, ndipo akampa kidonge cha presha. Tangu azikwe, kidonge bila dua kilimkwama bibi kooni. Akawa anakitia koponi.

Mwanawe hakuwa mtu mbaya. Dawa alileta kila mwezi, ila aliishia mlangoni, ufunguo wa gari mkononi.

"Mama, dawa unakunywa?"

"Nakunywa, baba."

"Haya, nakimbia."

Na kweli alikimbia. Presha ikapanda, daktari akaongeza dawa. Kopo likazidi uzito.

Siku moja bibi akaanguka kando ya cherehani, akakimbizwa hospitali. Alipopona kidogo, mkono mmoja umelegea, muuguzi wa huko alimrudisha nyumbani. Akaona gauni la bibi limeng'oka kifungo, akafungua kopo amshonee kingine.

"Bibi! Na hivi navyo hushonwa wapi?"

Bibi alicheka, kisha akalia. "Wa kuniombea alfajiri hayupo, mwanangu. Peke yangu haviteremki."

Muuguzi hakumgombeza. Alikishona kifungo kwanza, kisha akaenda kumweleza daktari. Daktari akapanga dawa upya, akamwita mwana.

"Dawa ni kazi yangu," alimwambia. "Alfajiri ni yako."

Kesho yake mwana aliingia, akatia ufunguo mfukoni, akaketi kitandani. Akaushika ule mkono uliolegea. Katikati ya dua akasahau maneno, mama yake akamkumbusha taratibu kama alipokuwa mdogo. Kidonge kikashuka kwa funda moja la maji.

FUNZO

Wenzangu, dawa msiiache, wala dua msiifanye kisingizio cha kuitupa. Lakini mgonjwa si presha peke yake. Ana roho, nayo ina njaa yake. Bibi Pindo presha ilishuka, ila mkono ule haukushika sindano tena. Ukimpelekea mzazi dawa, keti. Muulize anaimezaje, na nani yuko naye.

Asubuhi ile mwana alipoinuka, bibi alimkamata shati kwa mkono wake mzima.

"Kesho uje tena, baba. Hata ukisahau maneno, wewe njoo tu."