Maji ya Kichupa cha Bi Mwanne

Mtaa mzima wa Chang'ombe, Dodoma, ulimjua Asma, mke wa Mudrick, kwa upole wake. Upole! Kikulacho ki nguoni mwako.

Mamamkwe wake, Bi Mwanne, aliletwa hapo kutoka Kondoa mapafu yake yalipochoka. Alilala na mrija puani, mashine ya oksijeni ikinguruma kando ya kitanda, hewa ikipita kwenye kichupa cha maji na kutoa mapovu. Nesi alimwelekeza Asma vizuri: kichupa kioshwe kila siku kwa sabuni, kikauke, kisha kitiwe maji yaliyochemshwa yakapoa.

Mwanzoni Asma aliosha. Siku moja Bi Mwanne akamwita tasa mbele ya wageni. Asma akatabasamu, akawamiminia chai. Tangu siku hiyo hakukiosha tena. Aliongeza tu maji ya bomba juu ya yale ya zamani, mpaka utelezi wa kijani ukaota ndani.

"Mwanangu, umekiosha?"

"Nimekiosha, mama."

"Mbona hewa ina shombo?"

"Ni ugonjwa tu, mama. Lala."

Homa ikampanda bibi wa watu. Akakohoa mpaka sauti ikakauka. Asubuhi moja akakata roho, macho yakimtazama Asma. Mudrick akaizima mashine, akalia.

Bi Amina, mwosha maiti wa mtaa, alimwita Asma amsaidie kumwagia maji. Mkwe hakatai kazi hiyo, watu watasema. Akaingia.

Bi Amina akaminya tumbo la marehemu taratibu, kama ilivyo ada. Puani yakatoka maji. Ya kijani. Yanateleza.

Wakaosha. Yakatoka tena. Wakaosha. Yakatoka.

"Maji gani haya?" Bi Amina alinong'ona. "Kama unajua kitu, sema. Maiti hatakati."

Asma alijua. Akisema, ndoa imekwisha, na Mudrick anaweza kumuua.

"Sijui, bibi."

Kooni mwa maiti kukaanza kutokota. Polepole. Mapovu.

Bi Amina akasoma dua. Akaziba pua za marehemu kwa pamba yenye karafuu maiti, akafunga sanda hivyohivyo. Akazikwa kabla ya alasiri. Asma akashukuru kimoyomoyo, mshenzi yule.

Kesho yake aliamka hapati hewa. Pua zimeziba. Akaingiza kidole, akavuta.

Pamba. Ndefu. Mbichi. Inanuka karafuu maiti.

Akaitupa chooni. Asubuhi iliyofuata ipo tena. Daktari akaitoa kwa koleo, akasema hajaona kitu kama hicho. Asubuhi ipo. Asma akamwangukia mumewe miguuni, akakiri yote. Mudrick hakumpiga. Alimpa talaka, akamfungulia mlango.

Sasa yuko kwao Kolo, anapumua kwa mdomo. Mama yake ndiye humtoa pamba kila kukicha, naye anasema kila siku inazama ndani zaidi.