Wimbo wa Tatu, Upande wa Pili

Jumamosi tarehe 8 Juni, Bukavu iliamka na baridi. Ukungu ulilala juu ya ziwa na vumbi la kiangazi lilikuwa halijaanza kupanda. Colombe alisali rozari yake akipanda kwenda soko la Kadutu. Midomo ilisali, moyo haukuitikia. Tangu kaka yake Hugues afe kwa ajali ya pikipiki kwenye barabara ya Nyangezi, mwaka uliopita, mwili wake wote ulikuwa kama umepigwa ganzi. Hata siku ya maziko hakulia. Kila jioni aliomba jambo moja tu: Bwana, nirudishie hata machozi.

Alivaa shati jeupe la ualimu na kikwembe cha bluu, na kwapani alibana disque ya Hugues, santuri ya zamani. Familia ilitaka kuisikia siku ya kutoa matanga, lakini mashine ya kuipigia nyumbani ilikuwa imekufa.

Kwenye kibanda cha fundi, katikati ya kelele za bafle zinazopiga muziki na za wauza viatu, mwanamume mrefu mwenye koti la kahawia alikuwa amekuja kuchukua mikro yake ya kutangazia. Aliinama akatazama picha kwenye jalada la disque: wanaume watano, suruali pana zinazometa, mmoja hana viatu.

"Hii nilijua iko moja tu Bukavu, na njo ya kwangu," alisema.

"Sasa ziko mbili."

"Maman, unaisikilizaka kweli? Upande wa kwanza, besi inatembea kama baba munene anaenda misa na suti mupya. Haina haraka. Mupiga ngoma anamuachia nafasi. Na nyimbo zinashikana, hakuna kupumua."

"Na upande wa pili?"

"Mbili za kwanza ni nzuri. Ya tatu..." Alikuna kichwa. "Ile ya polepole, yenye filimbi. Muimbaji analia dakika nane kama mbuzi amefungwa kwenye mvua. Waliharibu disque yao."

Mtu mwingine angecheka. Colombe alitazama mbele.

"Ile usinisikilizishe," alisema. "Siwezi."

Mwanamume huyo aliitwa Fabien. Alikuwa mtangazaji wa redio, mwenye kipindi cha muziki wa zamani kila Jumapili. Redioni kulikuwa na platine nzima ya kuchezea santuri, akaichukua disque ili ainakili kwenye flash.

Simu za Fabien zikaanza.

"Allo, Coco. Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Sikumbuki."

"Basi haukukula. Kula kwanza, halafu tuongee juu ya gita ya wimbo wa kwanza."

"Ile gita inajionyesha sana. Ni kama mutu anachelewa misa, halafu anaenda kukaa mbele kabisa."

Fabien alicheka mpaka akakohoa. "Malaika yangu, utanifukuzisha kazi."

Colombe hakucheka. Lakini jioni zile alijikuta ameiweka simu karibu na sahani, sauti imefunguliwa.

Fabien alimpa flash mbele ya kanisa, baada ya misa, akiwa amevaa shati la maua lililopigwa pasi vizuri. Nyumbani, Colombe na mama yake, maman Bintu, walikaa wakasikiliza. Baada ya wimbo wa pili wa upande wa pili, ukaja wa nne.

"Na ile ya fagio?" mama aliuliza.

Hugues alikuwa na desturi: wimbo ule mbaya ukianza, anashika fagio kama mikro, analia pamoja na muimbaji, mpaka mama anakosa nguvu kwa kucheka na kukaa chini.

"Ameikata," Colombe alisema.

Hakukasirika, na hilo ndilo lililomwogopesha. Aliona tu kwamba mtu ameuona wimbo ni mbaya akautupa, na Hugues ametupwa nao. Akaigeuza simu kifudifudi. Fabien alipiga, akapiga tena. Huko kwake, alidhani Colombe amechoshwa na maneno yake mengi.

Siku ya kutoa matanga, uani kwao Bagira, nguo nyeusi zilivuliwa, watu wakavaa vikwembe vipya. Padri alikuwa amekwisha kubariki watu wakati Fabien alipofika kwa pikipiki, platine mapajani ndani ya blanketi, disque chini ya koti.

"Nimeleta kitu cha watu," alisema.

"Ulikata ya tatu."

"Weye njo ulisema, usinisikilizishe."

Ni kweli, Colombe alisema hivyo.

"Nilisema siwezi. Sikusema iondoke."

"Basi ungenipigia, Coco, unitukane. Ningefurahi."

Akaunganisha platine na bafle, akashusha sindano. Filimbi ikaja, kisha ile sauti. Ulikuwa wimbo mbaya kweli. Shangazi mmoja akaziba masikio. Katikati yake maman Bintu aliinuka, akachukua fagio nyuma ya mlango, akaliweka mdomoni, akalia pamoja na muimbaji. Uani watu wakaangushana kwa kicheko.

Kifuani mwa Colombe kitu kidogo kikasogea, kama mguu uliokufa ganzi unapoanza kuamka. Kiliuma. Chozi likashuka, moja tu. Hakulifuta, ili awe na hakika nalo. Fabien aliliona, akatazama chini.

Wimbo ulipokwisha, tonton Mushagalusa, mkubwa wa familia, alikohoa.

"Kijana, muziki mubaya hivi unatuletea kwenye matanga. Unatafuta nini kwetu?"

"Natafuta Colombe, tonton. Nitakuja na wazee wangu, vile inatakiwa."

Macho yote yakamgeukia Colombe.

"Aahidi kwanza juu ya wimbo," alisema. "Aseme kwa nguvu, wote wasikie."

Fabien akalipokea fagio mkononi mwa maman Bintu.

"Mbele yenu wote, na mbele ya Mungu," alisema, "sitaukata tena. Kila mwaka, siku hii, nitaupiga mpaka mwisho, na fagio nitashika miye."