Ndege ya Mashemeji

Injini ilikohoa mara mbili, ikazimika.

Mshonaji alibonyeza kitufe cha kuwashia. Akabonyeza tena. Mara ya tatu alikibonyeza kwa hasira, kama mtu anayegonga mlango wa jirani akijua fika yumo ndani, lakini injini ilikataa katakata. Pangaboi mbele yake lilizunguka kivivu, likasimama. Sauti pekee iliyobaki ilikuwa ya upepo kwenye nyaya za mabawa.

“Shemeji, imezimika!” mchomeleaji alipiga kelele kutoka kiti cha nyuma.

“Kwani nimelala? Tafuta pa kutua!”

Hapakuwa na pa kutua. Chini yao ilikuwa nyanda kavu, vichaka vya miiba na mawe hadi upeo wa macho. Upepo wa ubavu ulikuwa umewasukuma kaskazini, na barabara waliyokubaliana kuifuata waliipoteza zaidi ya nusu saa nyuma. Ndege yenyewe ilikuwa kitu cha kubebwa na watu wanne: fremu ya mabomba, viti viwili, injini ya pikipiki na mabawa ya kitambaa. Waliiunda wenyewe kwa miaka mitatu, nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma. Mchomeleaji alikuwa amemwoa mdogo wake mshonaji; yeye aliunga mabomba, na mshonaji akashona mabawa. Kwa kuwa mwanamke huyo alikuwa mwepesi na hakujua woga, ndiye aliyejifunza kuirusha. Siku hiyo walikuwa wakiipeleka ng'ambo ya nyanda kwa mkaguzi, awape kibali.

Aliinamisha pua ya ndege ili isipoteze mwendo, akachagua upenyo kati ya vichaka viwili. Magurudumu yaligusa, yakaruka, yakagusa tena. Kisha gurudumu la kushoto likakutana na jiwe. Ndege ikazunguka, bawa likachimba udongo, pangaboi likavunjika vipande vipande, na vumbi likafunika kila kitu.

Lilipotulia, mshonaji alijikuta ananing'inia kwenye mkanda, damu ikimtoka puani. Alijifungua, akaanguka, akatambaa hadi nyuma. Mchomeleaji alikuwa hai. Mguu wake wa kulia ulikuwa umebanwa kati ya mabomba mawili, na chini ya goti ulikuwa umepinda mahali ambapo mguu wa mtu haupindi. Pajani kulikuwa na mchaniko wa urefu wa kiganja.

Mshonaji aliuchomoa mguu huo, akamkokota hadi kwenye kivuli cha bawa lililobaki zima. Kwenye ukosi wa blauzi yake kulikuwa na sindano na uzi, kama siku zote. Aliipasha sindano kwa kiberiti, akapiga magoti.

“Usitikisike. Mshono ukipinda nitaufumua nianze upya.”

“Shemeji, una roho mbaya.”

“Ninayo. Uma huo mkanda.”

Alishona mishono tisa iliyonyooka, kisha akaunyoosha muundi uliovunjika huku mchomeleaji akilia waziwazi, akaufunga kwa mabomba mawili membamba na vipande vya kitambaa cha bawa. Alipomaliza alijifuta jasho, akasema, “Haya. Dumu la maji liko wapi?”

Mchomeleaji alitazama pembeni.

Katika karakana yao kulikuwa na mizani ya magunia iliyoning'inia darini. Kila kilichoingia kwenye ndege kilipimwa kwanza, uzito ukaandikwa ukutani kwa chaki, na uzito ukizidi, kitu kingine kilitolewa. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yao. Mwezi uliopita mchomeleaji alikuwa amebadilisha injini, akaweka hii inayopozwa kwa maji, pamoja na rejeta yake, na nyuma ya kiti cha rubani akafunga tangi kubwa zaidi la mafuta.

“Nililitoa jana jioni,” alisema. “Tulizidi kilo kumi na moja.”

“Ukatoa maji?”

“Na boksi la spana.”

“Na hivyo vioo?” Mshonaji alinyoosha kidole. Kila upande wa ndege kulikuwa na kioo cha pembeni cha pikipiki, kinang'aa, kimefungwa kwa boliti mbili. “Vioo umeviacha! Huko angani ulikuwa unamwangalia nani nyuma? Nani angetupita?”

“Vinapendeza, Shemeji.”

Mshonaji aliinuka, akatembea hatua ishirini, akapiga teke jiwe, akaumia kidole. Hilo nalo likamkasirisha. Alirudi na kukuta mwenzake ameshika chupa yake ya nusu lita, akimpa yeye kwanza. Aliipokonya, akanywa funda moja, akamrudishia bila kumtazama usoni.

Jioni ilipoingia ndipo alipokumbuka rejeta.

“Humo ndani uliweka maji au ile dawa ya rangi ya kupozea injini?”

“Maji matupu. Dawa sikuipata, nikasema nitaitafuta baadaye.”

“Basi kwa mara ya kwanza uzembe wako umetufaa.”

Alilifungua bomba lake kwa meno na kucha, kwa sababu spana zilikuwa nyumbani zimelala salama. Rejeta ilitoa lita tatu hivi, za rangi ya chai, zenye ladha ya chuma. Alizikinga zote kwenye kopo la plastiki la rejeta yenyewe, lile lenye mfuniko wa kuzungusha. Kila mmoja alinywa, wakakunja sura, wakashukuru.

Siku ya pili jua liliwaka tangu mapema. Mshonaji alivifungua vile vioo, akamulika pande zote mpaka mikono ikafa ganzi, na hakuna aliyejibu. Aliamua kuwasha moto. Mafuta yapo, magurudumu yapo, moshi mweusi unaonekana mbali. Alikwenda kwenye tangi, akashika kifuniko, nacho kikagoma. Alikifunika kwa pindo la sketi, akakaza mwili mzima.

Kifuniko kiliachia kwa mlio mrefu wa kufyonza. Tangi lilivuta hewa kwa pupa, kama mtu aliyetolewa majini. Ndani, mafuta yalikuwa zaidi ya nusu.

Mshonaji alisimama pale na kifuniko mkononi. Hakuwa fundi wa injini, lakini miaka mitatu ya kukaa karakana ilimtosha kujua kwamba tangi lazima lipumue. Mafuta yakitoka, hewa iingie; isipoingia, mafuta hayatoki, na injini inakufa njaa chakula kikiwa mezani. Alikuwa amemwona kwa macho yake shemeji yake akitoboa tundu dogo kwenye kifuniko hicho. Alikigeuza. Tundu lilikuwa limezibwa kwa gundi ya chuma, na juu yake limepigwa msasa vizuri mpaka likang'aa.

“Hiki nini?”

Mchomeleaji alifumba macho.

“Nakuuliza wewe! Nani ameziba?”

“Ulinisema wiki mbili, Shemeji,” alijibu polepole. “Asubuhi, mafuta yamechafua bawa. Jioni, mafuta yamechafua bawa. Mbele ya wateja ukasema tangi langu linavuja kama chujio. Mchomeleaji haambiwi hivyo. Nikaziba.”

“Bila kuniambia?”

“Nilitaka ukiona kitambaa kisafi ufurahi.”

“Nifurahi! Kifuniko kilikuwa hapa, nyuma ya bega langu! Ungeniambia, ningekunja mkono nikakilegeza, basi, yameisha! Saa hizi tungekuwa kwa mkaguzi tumekalia viti!” Sauti ilimkatika. Koo lilikuwa limekauka, na hata kugombana kulikuwa kunatumia maji.

Alikasirika kama ambavyo hajawahi kukasirika. Kilichomkata maini ni kwamba hasira yenyewe haikutaka kukaa upande mmoja. Kila alipomtazama mwanaume yule aliyelala chini, alijiona yeye, kitambaa cha kufutia mkononi, akilisugua bawa lake jeupe na kusema, kusema, kusema. Alijua jinsi ya kushona paja la mtu lakini hakujua kunyamaza. Alimchukia shemeji yake kwa kuziba tundu, na alimchukia zaidi kwa kuwa na sababu.

Aliwasha magurudumu. Moshi mweusi ulipanda hadi mchana, mnene na wa kuvutia. Hakuna aliyekuja. Waliokuwa wakiwatafuta, bila shaka, walikuwa wakiifuata barabara kama walivyoambiwa.

Asubuhi ya tatu mguu ulikuwa umevimba mpaka vitambaa vimezama nyamani, na mchomeleaji alikuwa akiongea na mtoto wake wa miezi minne kana kwamba yupo hapo. Mshonaji alimgusa paji la uso, akaondoa mkono haraka. Maji yaliyobaki hayakufika lita. Kwa siku moja zaidi, mtu mmoja angeweza kuishi nayo. Wawili, hapana.

“Nakwenda kuitafuta barabara,” alisema. “Ilikuwa kusini. Saa sita za mguu, labda saba.”

Kwa muda mfupi macho ya mchomeleaji yalitulia. “Chukua maji.”

“Nitachukua nusu. Nusu yako hii hapa.”

Alikwenda nyuma ya ndege na vyombo vyote viwili. Huko aliijaza ile chupa ndogo mchanga, akaizungushia kitambaa, akaifunga kiunoni ili ining'inie kwa uzito kama iliyojaa maji. Kopo aliliweka chini ya mkono wa mgonjwa, na maji yote ndani.

“Ukifa,” alimwambia, “mimi ndiye wa kumwangalia mdogo wangu usoni. Kwa hiyo usinifanyie upuuzi. Kunywa kidogo kidogo.”

“Sawa, Shemeji.”

Alitembea jua likiwa kwenye bega lake la kushoto. Saa mbili za kwanza alitembea kwa hasira, nayo ilimsaidia: alimtukana mchomeleaji, vioo vyake, gundi yake, karakana yake na siku aliyokuja kuposa. Alipoona amefika mbali aliumwaga mchanga wa ile chupa. Kisha matusi yakaisha, na ulimi ukawa mzito. Miiba ilichana sketi. Alinyonya jiwe dogo ili mate yatoke, nayo hayakutoka. Jua lilipopita utosi alianguka mara ya kwanza, na alipoinuka aligundua amekuwa akielekea kwenye ndege, akirudi nyuma. Aligeuka, akalia bila machozi, akaendelea.

Barabara aliisikia kabla ya kuiona. Ulikuwa mngurumo wa lori. Alipanda tuta la udongo kwa magoti, akachungulia.

Barabara ilikuwa inajengwa. Lori kubwa la tangi lilikuwa likija polepole, na nyuma yake, kutoka kwenye bomba lenye matundu mengi, maji yalikuwa yakimwagika. Maji safi. Yalimwagika upana wa barabara nzima, yakilowesha udongo ili vumbi lisipande.

Mshonaji alisimama katikati ya barabara na kutanua mikono. Dereva alikanyaga breki, akashuka.

“Mama, unataka kufa?”

“Mnamwaga maji!” Sauti ilitoka kama karatasi inayochanika. “Mnamwaga maji chini! Hamna haya? Mtu anakufa kule, nyinyi mnanywesha vumbi!”

Dereva hakubishana. Alifunga bomba, akamkalisha kivulini, akamnywesha kwa kikombe taratibu, na alipomwelewa aligeuza lori zima na tangi lake, akaingia nalo nyandani kufuata nyayo za mwanamke huyo.

Mabaki ya ndege waliyaona jua likianza kushuka. Chini ya bawa hapakuwa na mtu.

 Mshonaji aliruka kabla lori halijasimama. Kulikuwa na alama ya kitu kilichoburutwa, pana kama gunia, na alama hiyo ilielekea kusini, sambamba na nyayo zake za asubuhi. Aliifuata mbio. Hatua mia moja. Hatua mia mbili. Kwenye kichaka kimoja palikuwa na kipande cha kitambaa chenye damu. Zaidi ya hatua mia nne mbele, mchomeleaji alikuwa amelala kifudifudi, viwiko vyake vimechubuka hadi nyama nyeupe, na shingoni amejifunga kopo la rejeta kwa waya.

Mshonaji alimgeuza. Alikuwa anapumua. Kopo lilikuwa kama alivyoliacha.

“Hukunywa,” alisema. “Wewe mtu, hukunywa hata tone!”

Mchomeleaji alifungua jicho moja. Midomo ilikuwa imepasuka, maneno yakatoka moja moja. “Niliinua kopo. Nikaona yote umeniachia. Nikasema nikuwahi… hujafika mbali.”

“Na huo mguu? Ulitaka kunifikia na huo mguu? Mpumbavu mkubwa wewe! Mjinga usiye na mfano!” Alikuwa akipiga kelele na kumfuta mchanga machoni kwa wakati mmoja, na sasa machozi yalikuwapo, yalimwagika bila breki.

Dereva alikuwa amefika na kikombe. “Mama, mumeo tumpe haya safi.”

“Si mume wangu. Ni shemeji yangu.”

“Sawa, lakini hayo ya kutu ya nini? Nyuma nina lita elfu kumi.”

“Wewe subiri kwanza.”

Alilifungua lile kopo. Tumbo lake lilikuwa limejaa maji ya lori, na hakuwa na kiu hata kidogo. Alilitazama, akamtazama mwanaume aliyelileta kwa viwiko, kisha akaliinua na kunywa. Maji yalikuwa ya moto, yenye ladha ya chuma na mpira. Alikunywa mpaka nusu, wala hakukunja sura. Nusu iliyobaki aliishikilia midomoni mwa shemeji yake, kiganja kimoja chini ya kichwa chake, akisubiri ameze kila funda kabla ya kumpa jingine.