Namba Mbili za Moyo Mmoja

Kwa miaka ishirini na moja fundi alishona nguo za wanawake, katika chumba kimoja kinachotazama barabara. Mwaka huu miguu ikaanza kumvimba. Akikanyaga cherehani dakika kumi, pumzi inamkatikia. Akiinama kuokota pini, anaona kizunguzungu. Siku alipoangukia meza ya kukatia, mkasi ungali mkononi, wifi yake alimpeleka hospitali bila kumuuliza.

Huko wakamwambia moyo wake umechoka, unasukuma damu kidogo. Ili ajue ni kidogo kiasi gani, daktari alipitisha mpira mwembamba kwenye mshipa wa shingo mpaka ndani ya moyo. Asubuhi ya tatu akamwambia, "Unasukuma lita nne kwa dakika. Si nyingi, lakini dawa imeanza kukushika. Tukienda hivi, utarudi kazini."

Utarudi kazini! Fundi akalishika neno hilo kwa mikono miwili.

Haikupita saa moja, nesi akaingia akisukuma mashine mpya yenye kioo.

"Nayo hupima lita za moyo," alisema. "Ila haiingii mwilini. Kichwa chake nakiweka hapa, kwenye kishimo cha chini ya koo. Kinatoa mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii. Yanagonga damu inayokimbia, yanarudi, mashine inapiga hesabu."

"Sasa mbona mlinitoboa shingo?"

"Kwa sababu hii bado tunaijaribu. Tunataka kujua kama inasema kweli. Mtu anapimwa kwa mpira, anapimwa kwa mashine, tunalinganisha. Dawa zako daktari ataziamua kwa mpira. Ukikataa, hakuna wa kukununia. Matibabu ni yale yale."

Wifi, aliyekuwa akimenya chungwa, akadakia. "Wanataka kukufanya panya wa majaribio, wifi yangu!"

"Panya haombwi ruhusa, mama," nesi akamjibu. "Mimi naomba."

Fundi akacheka, akatia sahihi kwenye fomu ya kukubali.

Nesi akampaka jeli, akaweka kichwa cha mashine. Fundi akajiandaa. Wateja wake wote aliwapima kwa amri moja: kifua mbele, pumzi ndani, usitikisike. Basi naye akajaza kifua hewa, akakaza shingo, akatulia kama gogo. Macho ya nesi yalikuwa kwenye kioo. Ya fundi pia.

Mbili nukta saba.

"Lakini mpira asubuhi ulisema..."

"Usiniambie!" Nesi akainua mkono. "Siruhusiwi kujua. Nikijua, mkono wangu utaitafuta namba ile ile."

Akaandika, akaondoka.

Fundi akabaki anatazama dari. Lita nne asubuhi, sasa hata tatu hazifiki. "Wifi, moyo unakwisha," alisema taratibu. "Nenda dukani. Warudishie watu vitambaa vyao. Sitaki kufa na vitambaa vya watu."

Wifi hakubisha. Alifuta machozi kwa kanga, akaenda. Jioni hiyo fundi hakugusa chakula.

Kesho yake asubuhi nesi alirudi kupima mara ya pili. Safari hii alimtazama mgonjwa kabla ya kioo.

"Fundi, pumua."

"Ukishamaliza."

"Nikishamaliza nini?"

"Kupima. Mtu anayepimwa hapumui. Wateja wangu wote nawaambia hivyo."

Nesi akaondoa mkono. "Na jana?"

"Jana nilijibana vizuri zaidi."

Nesi akavuta kiti, akakaa. Hakujua acheke au alie. "Sikiliza. Ukibana pumzi na kujikaza, damu inayorudi kwenye moyo inapungua. Moyo ukipokea kidogo, unasukuma kidogo. Mashine haikudanganya. Ilipima mtu aliyejibana. Daktari alipopima kwa mpira ulikuwa umelala zako, unapiga soga na wifi yako. Kosa ni langu, sikukwambia upumue kama kawaida. Na hata mkono wangu ukikaa upande, namba inashuka."

"Kama utepe," fundi akasema. "Utepe ukikaa upande kiunoni, mteja ananenepa."

"Hapo hapo. Ila huku mtu anapungua."

Wakaanza upya. Fundi alipumua kama mtu anayesubiri chai. Tatu nukta tisa. Nne nukta moja. Nne. Kisha daktari akapima kwa mpira, akamwambia fundi: nne nukta mbili.

"Bado hazifanani," fundi alimnong'oneza nesi baada ya namba zote kuandikwa.

"Zinakaribiana. Tunachotafuta ni zinapishana kiasi gani, tena kwa watu wengi. Wewe ni mmoja kati ya sitini. Mtu mmoja hathibitishi kitu."

"Basi ile ya jana ifute, inaniaibisha."

"Haifutwi. Tukifuta kila namba inayotuaibisha, tutajidanganya wenyewe. Nimeandika pembeni: mgonjwa alibana pumzi, hakuelekezwa."

Siku hiyo hiyo nesi aliongeza mstari juu ya karatasi ya vipimo, asomewe kila mgonjwa kabla ya kuguswa: Lala, legeza mwili, pumua kama kawaida.

Mchana wifi akaingia anatokwa jasho. "Kazi imekwisha. Vitambaa kumi na saba, nyumba kwa nyumba, jua la utosi!"

Fundi akamweleza yote. Wifi akamtolea macho, kisha akamgeukia nesi, kisha akaketi pwaa kitandani.

"Kwa hiyo nikavirudie?"

"Polepole, wifi yangu. Sijaruhusiwa bado."

Baada ya wiki mpira ulitolewa. Daktari akamruhusu, akampa masharti: dawa kila siku bila kuruka, chumvi kidogo, kazi nusu siku, na kliniki kila mwezi. Miguu ikivimba tena, au pumzi ikikatika, asingoje siku ya kliniki.

Jumatatu fundi alifungua duka. Wifi alifika na furushi kichwani, vitambaa kumi na sita. Mwenye kile cha kumi na saba alikuwa ameshakipeleka kwa fundi mwingine. Saa nne akaja mwenyewe, gauni mkononi, mkono wa kushoto umeshonwa kulia.

"Nisaidie," alisema.

Fundi akakaa, akachukua wembe, akaanza kufumua.