Shaba Nyeusi Chini ya Kibano

Arnaud alikutwa amelala chali kwenye chumba cha umeme chini ya jengo moja la ofisi, mtaa wa Marshalltown, kiganja kimeungua, amekwisha kukata roho. Asubuhi hiyo yeye, shemeji yake Ildephonse na Bakiri walikuwa wakipima kama kinga ya kebo ya volti elfu kumi na moja bado ni nzima. Kufikia mchana Bakiri, aliyelinda swichi ya kebo hiyo upande wa pili, alikuwa rumande. Ildephonse aliwaambia polisi kwamba Bakiri ndiye aliyewasha umeme.

Benita, mkaguzi wa usalama wa kampuni yao, hakuridhika. Alikwenda kuiona swichi. Ilikuwa imezimwa na kufungwa kwa kufuli la Arnaud mwenyewe, na ufunguo polisi walikuwa wameukuta mfukoni mwa marehemu. Sasa Bakiri angewashaje? Maskini ya Mungu, alifungwa kwa kusimama pale alipoambiwa asimame.

Akarudi chini, akamkuta Ildephonse akikusanya vifaa.

"Kaka, kebo ikishapimwa hubaki na umeme ndani. Uliutoa?"

"Niliutoa, dada. Waya wa kuupeleka ardhini si huo hapo."

"Uliufunga kabla Arnaud hajagusa?"

"Kabla."

Benita alivaa glavu, akahakikisha kebo haina umeme, kisha akafungua kibano kilichoshika waya ule kwenye kebo. Shaba chini yake ilikuwa nyeusi kwa masizi.

"Cheche ilipiga hapa, Arnaud alipogusa," alisema. "Kibano kingekuwepo, hapa pangebaki safi. Ulikifunga ameshakufa."

Ildephonse akaketi sakafuni.

"Eish, dada. Sisi kila siku nikishafunga waya tunaomba, ndiyo tunagusa kebo. Leo Arnaud alipigiwa simu, mtoto wake wanamuingiza operesheni. Akasema tumuombee kwanza. Nikaacha waya sijaufunga, nikaomba. Niliposema amina, akanyoosha mkono kama siku zote."

Benita alisikitika sana. Afadhali angemkuta mtu mbaya.

"Na Bakiri alikukosea nini?"

"Hakuna. Niliogopa. Mke wa Arnaud, Sonia, ni dada yangu wa tumbo moja."

"Vaa koti. Twende polisi."

Mlangoni Ildephonse alisita.

"Mtoto ametoka operesheni salama. Sonia yuko naye hospitali, anamlaani Bakiri. Nani atamwambia ukweli?"

"Wewe," Benita alisema. "Lakini kwanza tukamtoe Bakiri."